Mgando, kauji na ka-courant

Yaya wangu, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, alinipigia simu usiku kutoka mtaa wa Himbi, Goma. "Mudogo yangu, gel imeisha. Niweke nini?" Kifaa chake ni kile cha kupitisha usoni, chenye vichwa viwili vya chuma, kinachotuma umeme mdogo sana kwenye misuli ya mashavu. Kichupa kilichokuja nacho kilidumu wiki chache. Kukipata kingine Goma ni kazi: tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, na vitu vya urembo vimekuwa vikipitia mpaka wa Gisenyi, Rwanda, vikipanda bei kila vinapobadilisha mikono.

Kabla ya kunipigia alikuwa ameshajaribu gel ya kuoshea mikono. Uso ulikuwa unamwaka moto. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alishangaa swali lenyewe. "Si iko gel?"

Tangu usiku ule neno hilo halijaniacha, kwa sababu yaya hakukosea. Neno ndilo lililomkosea. Sisi wa Goma tulilijua kwanza kwenye salon, gel ya nywele. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, na kabla haijaisha Covid ikaipokea. Ndoo za maji ya klorini zikawekwa kila mlango, na kando yake kichupa. Gel ikawa dawa ya mikono. Hospitali, anayepigwa echo (ultrasound) hupakwa gel tumboni. Vitu vitatu, neno moja, na kila kichupa kina kazi yake. Kile cha mikono kimejaa alkoholi, inayokausha ngozi na kuiwasha. Kile cha echo kimetengenezwa kusafirisha sauti. Alichohitaji yaya ni cha kusafirisha umeme.

Kwa Kifaransa, gel ni baridi kali inayogandisha maji, na lugha hiyo ina kitenzi chake, geler. Sisi hatuna majira ya barafu, lakini tuna kitenzi kinachofanya kazi hiyo yote na zaidi: kuganda. Barafu huganda, maziwa huganda, damu huganda, uji ukiachwa sufuriani huganda. Na mtu wa Goma anajua kuganda kwingine. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishusha moto katikati ya mji, ukapita juu ya nyumba, ukaganda. Mpaka leo tunajenga kuta kwa moto ule ulioganda, na watoto wanachubuka magoti juu yake. Lugha yenye kitenzi kipana namna hiyo haikuwa na haja ya kuazima gel. Ilikuwa na mgando.

Lakini hapa mpenda maneno lazima awe mwangalifu, kwa sababu mgando tayari lina mwenyewe. Dar es Salaam ukisema mafuta ya mgando, muuzaji atakupa Vaseline. Na mafuta ya mgando ndiyo kitu kibaya kuliko vyote cha kuweka chini ya kifaa cha yaya. Mafuta hayapitishi umeme. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huita kitu cha namna hiyo kihami, kutoka kuhami, yaani kulinda, kukinga. Vaseline inailinda ngozi dhidi ya umeme uleule ulioununua. Vivyo hivyo mawese, mafuta ya nazi, krimu nzito za usiku. Kwa hiyo mgando peke yake halitoshi. Lazima tuseme mgando wa nini: wa mafuta unazuia, wa maji unapitisha.

Kupitisha! Kitenzi hiki nakipenda kuliko kile cha Kifaransa. Conducteur ni mwenye kuongoza, na barabarani ni dereva. Tanzania na Kenya wana kondakta, anayeshika nauli mlangoni mwa basi. Maneno yote mawili yanaupa umeme mkubwa wake, mtu wa kuushika mkono. Kiswahili kinasema jambo la kweli zaidi: kipitishi hakiongozi, kinaacha njia wazi. Chuma cha kifaa kikigusa ngozi kavu, kinaigusa kwa vinundu vichache tu, palipobaki ni hewa. Umeme wote unajazana kwenye vinundu hivyo na uso unachomwachomwa. Mgando wa maji unajaza zile nafasi, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake ndiyo inayoubeba umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden alipopima umeme wa moyo, mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Hakukuwa na gel. Kazi ya mgando ni kuyashika maji hayo yasitiririke mpaka shingoni.

Na nani anajua kuyashika maji kuliko mpika uji? Mwaka 2015 jarida la PLoS ONE lilichapisha kazi ya watafiti waliokuwa wakitafuta mbadala wa gel ya echo kwa waganga wa Kongo na Ethiopia, ambao gel ya dukani ilikuwa ghali kwao au haipatikani. Waliuliza wataalamu, kisha wakaenda kuuliza wauzaji sokoni. Kilichoshinda kwa upande wetu kilikuwa unga wa muhogo: sehemu 32 za maji, 8 za unga, 4 za chumvi, vikapashwa moto, vikakorogwa, vikapoa. Waethiopia walitumia bula, wanga wa mmea unaofanana na mgomba. Nilipoisoma hesabu ile nilisimama kidogo. Unga ule ule wa bugali yetu ulikuwa umeingia katika jarida la sayansi.

Yaya nilimwambia apunguze sana ile chumvi, kwa sababu fungu lile lilikuwa la echo na uso ni mwepesi wa kuwashwa: kijiko kikubwa cha unga kwa kikombe cha maji, chumvi ncha ya kijiko, achemshe akikoroga mpaka kiwe uji mwepesi unaong'aa, kipoe kabisa, kijaribiwe kwanza mkononi, na kisichotumika siku hiyo kimwagwe. Shubiri pia inafaa, ute wa ndani tu, ule mweupe, baada ya maji ya njano yanayowasha kuchuruzika yote. Kama kunyanzi zitaondoka, hilo sikumwahidi. Nilichomkataza ni kuazimisha kifaa kwa mwenye mimba, mwenye kifafa au mwenye betri ya moyo.

Likabaki jina la umeme wenyewe. Pwani wanasema mkondo wa umeme, na mkondo kwanza ni wa maji. Goma tunasema courant, nalo kwa Kifaransa ni maji yanayokwenda, kwa hiyo mvuvi wa Mombasa na fundi wa Birere wameona kitu kimoja bila kukutana. Wakenya wakasema stima, kutoka mvuke wa mashine. Kampuni iliyojenga mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini kwetu mwaka 2020 ikajiita Nuru. Sasa huu wa usoni, ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea, uitweje? Nilikuwa nikipima mikrokarenti, mkondo hafifu, kijito cha umeme. Hilo la mwisho nililipenda kweli.

Siku mbili baadaye yaya alinitumia ujumbe wa sauti. "Kauji iko muzuri. Ka-courant inapita, hainichome tena."

Ka. Kiswahili sanifu hudogosha kwa ki-. Sisi huku Kongo tumebaki na ka-, na walimu wametusahihisha kwayo tangu darasa la kwanza. Mikro ya Kiyunani, iliyozunguka Ulaya nzima kabla ya kutufikia, yaya aliifasiri kwa silabi moja ya nyumbani, na akaupa ule mgando jina kwa silabi ileile. Nilimwomba picha. Kauji kake kamo kwenye kikopo cha zamani cha siagi, na juu ya kifuniko ameandika kwa kalamu nzito: *Kauji. Ya leo.*