Neno 'nice' halikuanza na uzuri

SIKU hizi kila kitu ni 'nice': chai 'nice', gari 'nice', hata mvua. Ajabu ni kwamba chimbuko la neno hili ni 'nescius' ya Kilatini, yaani asiyejua. Lilipoingia Kiingereza yapata mwaka 1300 kupitia Kifaransa, mtu 'nice' alikuwa mjinga tu. Baadaye likamaanisha mteuzi, kisha jambo dogo; uzuri ulishika mizizi karne ya 18.

Kwa hivyo wewe unayemtafsiri Shakespeare, jihadhari! Katika 'Romeo and Juliet', mtawa Laurence anaambiwa barua yake haikumfikia Romeo. Anasema haikuwa barua 'nice', yaani halikuwa jambo dogo. Ukiandika 'haikuwa nzuri', msomaji atashangaa mbona mtawa amehamaki hivyo.