Upangaji wa Pembe za Propela

Upangaji wa pembe za propela ni urekebishaji wa pembe kati ya giaboksi, propela na difu baada ya pikapu kushushwa. Kwenye Chevrolet C10 ya 1973 hadi 1987, ekseli ya nyuma huweza kuhamishwa kutoka chini ya springi na kuwekwa juu yake. Difu hupanda, na pembe za krosi, yaani viungo vya ncha mbili za propela, hubadilika.

Krosi yenye pembe huongeza na kupunguza kasi ya propela mara 2 kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta badiliko hilo pembe zikilingana. Zisipolingana, gari hutetemeka.

Fundi hupima gari likiwa limekanyaga chini, kisha huingiza kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Kunyoosha kabisa, kinyume cha wengi wanavyodhani, si dawa: kwa kawaida krosi huachiwa nyuzi 1 hadi 3 ili beringi zake zizunguke.