Mpini Mkononi, Ncha Gizani: Historia ya Vishikio vya Zana za Kuchokonolea Kufuli

Historia ya kufuli imeandikwa zaidi na watu waliotazama kile kinachoingia ndani ya tundu la ufunguo, yaani meno, pini na nyenzo, kuliko waliotazama kile kinachobaki nje na kushikwa na vidole. Hali hiyo inaeleweka, kwa kuwa siri ya kufuli imo ndani. Lakini fundi anayefungua kufuli bila ufunguo wake haoni chochote cha huko ndani, na habari zote anazozipata humfikia kwa kupitia chuma na mpini alioushika. Zana yenyewe ni ndogo: kijiti cha feleji, ambacho hapa kitaitwa kichokonoo kwa kuwa kazi yake ni kuchokonoa, chenye ncha iliyopinda upande mmoja na mahali pa kushikia upande wa pili. Mwenzake ni kikazio, kipande cha chuma kilichokunjwa ambacho huisukuma kufuli kidogo kuelekea upande wa kufunguka, ili pini zikwame moja baada ya nyingine badala ya kurudi mahali pake. Mpini wa zana hizi umebadilika sana katika karne mbili zilizopita, na chanzo kikuu cha mabadiliko hayo ni tundu la ufunguo lenyewe, ambalo kadiri lilivyozidi kuwa jembamba ndivyo kazi ilivyozidi kudai hisia na kupunguza haja ya nguvu.

Kishikio ni cha kale kama ufunguo. Katika kitabu cha 21 cha utenzi wa Odisea wa Homer, Penelope anakwenda kufungua ghala akiwa na ufunguo uliopinda, uliofuliwa kwa shaba nyeusi na kutiwa mpini wa pembe za ndovu. Na inafaa kuzingatia kwamba mshairi, aliyekuwa na mengi ya kusimulia, aliona mpini huo unastahili kutajwa. Warumi nao walizoea kufua bua la ufunguo kwa chuma na kulitia kishikio cha shaba nyeusi, mara nyingi chenye umbo la simba au mnyama mwingine, na kwa kuwa chuma huliwa na kutu upesi, baadhi ya funguo hizo zilizochimbuliwa Ulaya zimebaki mpini tu: simba yupo, meno ya ufunguo hayapo. Katika mifano hiyo kishikio kilitangaza hadhi ya mwenye nyumba, lakini kilikuwa pia na manufaa ya wazi, kwani shaba nyeusi iliyomiminwa katika kalibu inaweza kupewa uvimbe na mviringo unaojaa vizuri kiganjani.

Kwa karne nyingi baada ya hapo, kufuli za Ulaya zilitegemea vizuizi, yaani vibamba vya chuma vilivyopangwa ndani ya kufuli ili ufunguo usio na mikato inayolingana navyo usiweze kuzunguka. Kufuli ya aina hiyo haikudai mguso mwepesi. Fundi alichukua ufunguo wa kawaida, akaupiga tupa mpaka sehemu zote zilizogonga vizuizi zikaisha, na uliobaki ukawa unazunguka katika kufuli nyingi. Ndio ule ambao Waswahili huuita ufunguo malaya. Kishikio chake kilikuwa kile kile kitanzi cha ufunguo wa mwenyewe, nacho kilitosha, kwa sababu kilichotakiwa ni nguvu ya kuzungusha, na kitanzi kipana huupa mkono wenzo mzuri. Wakati huo hapakuwa na sababu ya mtu kuumiza kichwa juu ya mpini.

Sababu ilikuja Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1778 Robert Barron alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa kufuli yenye nyenzo ambazo lazima ziinuliwe hadi kimo mahususi: ukiinua pungufu kufuli haifunguki, na ukizidisha pia haifunguki. Miaka sita baadaye, 1784, Joseph Bramah alipata hataza ya kufuli ambayo ufunguo wake, ulio kama mrija mdogo wenye mikato kwenye ncha, husukuma ndani vibamba kadhaa vinavyoteleza, kila kimoja kwa kina chake. Tangu hapo zana ya kuchokonolea ikawa pia zana ya kupimia, na anayepima kwa mkono, tena gizani, huhitaji mkono uliotulia.

Tatizo hilo lilionekana hadharani London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu yaliyofanyika katika Jumba la Kioo. Alfred Charles Hobbs, fundi kufuli Mmarekani aliyezaliwa 1812, alikuwa amekwenda huko kuonyesha kufuli ya kampuni ya Day & Newell ya New York, akatangaza kwamba kufuli zilizosifika mno Uingereza zinafunguka. Alianza na ile ya Chubb, iliyobuniwa 1818 na Jeremiah Chubb ikiwa na wenzo maalumu unaojikwamisha pindi mtu anapoinua sehemu yoyote kupita kiasi, hata mwenye mali akirudi na ufunguo wake atambue kuwa kufuli imeguswa. Tarehe 22 Julai, katika nyumba moja ya mtaa wa Great George, Westminster, mbele ya mashahidi, Hobbs aliifungua kufuli hiyo kwa dakika 25, kisha akaifunga tena kwa muda usiofika dakika 10. Jambo kubwa hapa ni kwamba kufuli ile iliadhibu mkono mzito. Kidole kimoja kikitetemeka na kusukuma zaidi ya inavyopasa, kazi yote ingeharibika.

Kufuli ya Bramah ilikuwa mtihani mwingine kabisa. Ilikuwa imewekwa katika dirisha la duka la Bramah huko Piccadilly kwa zaidi ya nusu karne, ikiwa na vibamba 18 na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa atakayebuni zana ya kuifungua. Hobbs aliifungua, lakini kwa saa 51 za kazi zilizogawanywa katika siku 16. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushikilia msukumo ule ule, bila kulegea wala kuongezeka, kwa muda wa namna hiyo, na Hobbs alilijua hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo alifunga kwenye mbao zilizoizunguka kufuli kifaa ambacho kiliendeleza msukumo badala yake, akabaki na mikono huru kwa kazi ya kupapasa vibamba kimoja kimoja. Kampuni ya Bramah ililalamika kwamba kifaa kilichofungwa hivyo kilikiuka roho ya shindano, ila waamuzi walimpa Hobbs zawadi yake. Kwa mwanahistoria wa zana, lalamiko hilo lina thamani kubwa kuliko zawadi, kwani linaonyesha kuwa pande zote mbili zilitambua kiini cha mambo: uchovu wa mkono ni sehemu ya ulinzi wa kufuli, na anayeuondoa uchovu amekwisha kubomoa ukuta mmoja. Kufuli yenyewe sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.

Yaliyofuata yalitoka Marekani. Linus Yale wa pili, akiendeleza kazi ya baba yake, alipata katika miaka ya 1860 hataza za kufuli ya silinda yenye pini na springi, inayofunguliwa kwa ufunguo bapa na mdogo, ambayo ndiyo mzazi wa vitasa vingi vilivyo kwenye milango ya nyumba leo, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Chicago. Wazo la pini lilikuwa la kale sana, kwa kuwa kufuli za mbao zenye vigingi vinavyoanguka kwa uzito wake zilijulikana Misri na Mesopotamia. Upya wa Yale ulikuwa katika udogo. Tundu la ufunguo, ambalo zamani liliweza kupitisha kidole cha mtoto, sasa likawa ufa mwembamba wenye kona, na zana iliyotakiwa kupita humo, tena ikabakiza nafasi ya kikazio, ilibidi ikatwe kutoka kwenye bamba la feleji lenye unene wa karibu nusu milimita.

Hapo ndipo mpini ulipozaliwa ukiwa suala la pekee. Bamba la nusu milimita likishikwa bila kitu chochote juu yake hugusa ngozi kwa ukingo wake mwembamba, na ukingo huo, hata ukipigwa msasa, huacha mfereji mwekundu upande wa kidole cha kati baada ya robo saa tu, kisha vidole hubana zaidi ili kijiti kisigeuke, misuli ya kiganja huchoka, na mtetemo mdogo huanza ambao mshikaji mwenyewe hauoni lakini ncha iliyo ndani inauona. Mafundi wa kulipwa walivumilia hali hiyo kwa muda mrefu, pengine kwa sababu kazi yao kwenye mlango mmoja ni ya dakika chache, na pochi ya vijiti bapa visivyo na mpini hukunjwa ikaingia mfukoni.

Elimu ya mkono wakati huo ilikuwa ikisonga mbele katika nyanja nyingine. Mwaka 1925 David Katz, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha utafiti wake juu ya ulimwengu wa mguso, akaeleza jinsi mtu anayepapasa kwa kijiti anavyohisi kitu kilichopo kwenye ncha ya kijiti, ingawa kinachogusa ngozi yake ni upande wa pili wa kijiti hicho. Mwaka 1956 John Napier, daktari na mtaalamu wa nyani nchini Uingereza, alitenganisha mishiko miwili: wa nguvu, ambapo kitu hubanwa na vidole dhidi ya kiganja kama ashikavyo mtu mpini wa jembe, na wa usahihi, ambapo kitu hushikwa kwa ncha za vidole na dole gumba kama ashikavyo mtu kalamu. Napier huyo huyo ndiye aliyeichunguza mifupa ya mkono iliyopatikana Olduvai, Tanzania, mwaka 1960, na mwaka 1964, pamoja na Louis Leakey na Phillip Tobias, akashiriki kumpa kiumbe huyo wa kale jina la Homo habilis, maana yake mtu stadi wa mikono. Kichokonoo ni zana ya mshiko wa pili, na Kiswahili kinao msamiati wa kulibainisha hilo, kwani mpini ni wa jembe na shoka lakini kishikio kidogo cha zana ndogo huitwa kipini.

Msukumo wa kubadili kipini ulitoka kwa watu waliofungua kufuli kwa kujifunza na kujifurahisha. Mwaka 1991 ulianza kusambaa mwongozo uliohusishwa na Chuo cha MIT, ulioandikwa kwa jina la kupanga la Ted the Tool, ambao ulisema wazi kwamba kishikio kinapaswa kuukalia mkono vizuri na kwamba bua likizidi wembamba hugeuka springi na kuupoteza mguso. Mwaka 1997 wapenzi wa fani hiyo waliunda chama chao Hamburg, Ujerumani, na baadaye wenzao wa Uholanzi wakaanzisha chama cha Toool. Vyama hivyo huendesha mashindano, na kanuni inayoheshimiwa humo ni kwamba mtu hafungui kufuli isiyo yake bila idhini ya mwenyewe. Watu wanaokaa mezani saa nyingi na kufuli moja, kwa hiari yao, hawakuwa tayari kuvumilia ukingo wa bamba kama fundi wa dakika tano.

Majaribio yao yalikuwa mengi. Wengine walivalisha kishikio neli ya plastiki inayonywea ikipashwa moto, wakarudia tabaka mbili au tatu hadi unene ukakubaliana na vidole. Wengine walichovya kijiti katika mpira wa majimaji uliokauka na kuwa ganda laini. Viwanda vikaongeza vipini vya plastiki ya kalibu, au vibamba viwili vya chuma vilivyobanwa kwa ribiti pande zote mbili za bamba la katikati. Baada ya 2009, ilipoingia sokoni Sugru, ute wa silikoni uliobuniwa na Jane Ní Dhulchaointigh ambao hufinyangwa kama udongo na kukauka kwa siku moja, iliwezekana hata kuacha katika kipini alama za vidole vya mwenyewe.

Hata hivyo, ulaini una gharama yake. Chini ya ngozi ya vidole mna vipokezi vilivyopewa jina la Filippo Pacini, daktari Mwitalia wa karne ya 19, ambavyo huhisi mitikisiko midogo sana, hasa ile ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde, na mpira mnene huimeza sehemu ya mitikisiko hiyo kabla haijafika kidoleni. Anayechagua kipini kinene na laini mno huwa amestarehesha mkono na kuuziba masikio. Kipini bora, kwa mizani ya historia hii, ni kile chenye upana wa kutosha kusambaza uzito juu ya ngozi, chenye ugumu wa kutosha kupitisha habari, na kisichomlazimisha mtu kubana. Vibamba vya chuma vyenye ribiti vinakaribia sifa hizo kuliko mpira, ingawa huongeza uzito na hupoza vidole wakati wa baridi. Ukichunguza kichokonoo kilichotengenezwa kwa uangalifu, utaona kwamba kipini hakifiki mpaka kwenye ncha: kabla ya bua kuanza kuwa jembamba huachwa kipande cha feleji kitupu, kilichosuguliwa kingo zake, na hapo ndipo mshikaji hunyoosha kidole chake cha shahada, akakilaza juu ya chuma chenyewe, huku vidole vilivyobaki vikipumzika nyuma.