Umemtuma Mtoto Garsen, Wewe Bado Uko Minjila

Leo sina programu mpya ya kupakua. Nataka tuzungumze juu ya amri mbili fupi, mkdir na cd, ambazo kila anayefungua kile kidirisha cheusi hujifunza siku ya kwanza, akadhani amezimaliza. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi, hadi Minjila.

Kwa wasiopajua, Minjila ni njia panda. Ukitoka Malindi, barabara moja inakupeleka Garsen na kuendelea hadi Lamu, nyingine inapanda Hola na Garissa. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, nilikuwa pale nikiwasaidia watu fulani kupanga orodha za kaya zilizohamishwa na maji. Faili zilikuja kwenye flashi zikiitwa "orodha mpya", "orodha mpya kabisa", "orodha ya mwisho 2"... mnajua wenyewe. Eneo bunge la Garsen lina wadi sita, kwa hiyo nikaunda folda kwa kila wadi, hivi:

mkdir -p orodha/Garsen/Kusini
mkdir -p orodha/Kipini/Mashariki

Hiyo -p inasema: kama folda za juu hazipo, ziunde nazo. Ukiiacha, na folda ya orodha haipo, amri itakataa. Kisha cd orodha inakuingiza ndani, cd .. inakurudisha hatua moja juu, na pwd inakuambia ulipo. Rahisi, sivyo? Ila mambo haya hayakuwa rahisi kwa waliyoyabuni.

Wazo la folda ndani ya folda, kama matawi ya mti, lilielezwa mwaka 1965 na R. C. Daley na P. G. Neumann walipoandika juu ya Multics, mfumo uliokuwa ukijengwa na chuo cha MIT, Bell Labs na General Electric. Bell Labs walijitoa mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliobaki bila mfumo wa kuchezea, wakaanza wao kujenga mdogo juu ya mashine ya PDP-7. Ndio uliokuja kuitwa Unix.

Folda walikuwa nazo, lakini sikilizeni: mwanzoni hapakuwa na njia ya kuunda folda mpya mashine ikiwa inafanya kazi! Zote zilitengenezwa wakati mfumo wa faili unapojengwa upya kutoka kwenye utepe wa karatasi. Hata kuandika njia ndefu yenye mikwaju, kama orodha/Garsen/Kusini, hakukuwezekana. Ilibidi uhamie kwenye folda yenyewe, kwa amri iliyoitwa chdir. Ufupisho wa cd tulioumea nao ulikuja baadaye, katika toleo la saba la mwaka 1979.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Unix ya mwanzo ilikuwa na mchakato mmoja tu kwa kila terminali. Walipoongeza fork, yaani uwezo wa mchakato kuzaa mchakato mwingine, kila amri ikawa inaendeshwa na mtoto: sheli, ile programu inayopokea amri zako, inazaa mtoto, mtoto anafanya kazi, anakufa, sheli inaendelea. Wakafurahi. Halafu wakagundua kwamba chdir imekufa. Unaiandika, hailalamiki, lakini bado uko pale pale. Walisoma msimbo wao na kukuna vichwa kabla hawajaelewa kwamba chdir ilikuwa inafanya kazi barabara. Aliyehama ni mtoto! Ni kama uko Minjila, unataka kwenda Garsen, ukamtuma mtoto aende badala yako. Mtoto amefika salama, wewe bado umesimama njia panda.

Dawa ilikuwa kuitoa chdir kwenye kundi la amri za kawaida na kuifanya sheli yenyewe iitekeleze. Mpaka leo cd kwenye Linux yako ni kazi ya sheli, kwa sababu hiyo hiyo.

(Kwa wale wa Windows: IBM PC ya Agosti 1981 ilikuja na DOS isiyokuwa na folda kabisa. Flopi ya kilobaiti 160 ilipokea majina 64 basi. Folda zililetwa na DOS 2.0, Machi 1983, pamoja na IBM PC XT yenye diski ya megabaiti 10. Mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshachukuliwa kwa ajili ya vibadilishi vya amri, ndiyo maana hadi leo mnaandika mkwaju uliogeuka nyuma.)

Turudi Minjila. Nilikuwa nimeandika faili dogo la amri, nikaliita nenda. Ndani yake mlikuwa na cd ya kunipeleka kwenye folda ya takataka za muda, na mstari wa kuandika "Tayari". Nikaliendesha. Likasema Tayari. Nikaandika:

rm -r *

Mmeshaona. Faili lile liliendeshwa na mtoto. Mtoto alikwenda, akasema Tayari, akafa. Mimi nilikuwa bado juu, kwenye folda yenye orodha zote, na rm haina kapu la taka. Flashi tulikuwa tumeshazifuta ili zitumike tena. Kama ningeliita hivi, kwa nukta na nafasi mbele, sheli yenyewe ingehama:

. ./nenda

Au ningeandika tu pwd kwanza. Herufi tatu.

Majina mengi tuliyapata tena kwenye madaftari ya wazee wa vijiji, tukayachapa upya siku mbili mfululizo, bila mtu kunisemesha sana. Daftari la kijiji kimoja lilikuwa limelowa, halisomeki. Wale ilibidi waitwe tena, wapange foleni mara ya pili juani kutaja majina waliyokwisha kuyataja.