Mtengeneza Kilima

Anayetazama kwa mara ya kwanza mchezo wa vita vya kihistoria unaochezwa mezani huanza na askari: vinyago vya risasi au plastiki vilivyosimama safu kwa safu, kila kifungo cha sare kimepakwa rangi. Vilima, mito na nyumba anavipa jicho la pili, kama mapazia ya jukwaani. Wachezaji wenyewe wana mazoea hayo hayo. Askari watawanunua kwa miaka, na kilima watakikata siku moja kabla ya kucheza. Naona mambo yamepinduliwa hapo. Ukiufuatilia mchezo huu tangu Ujerumani ya karne ya 18, utakuta kwamba waliougeuza ni wale waliogeuza ardhi yake, na kwamba mtengeneza kilima ndiye anayetoa dai zito zaidi kuhusu jinsi vita fulani vilivyopiganwa.

Chanzo ni sataranji, na sataranji haina ardhi. Hata bao letu, lenye nyumba, kichwa na kimbi, halina mlima wa kumficha mtu wala tope la kumchelewesha. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, aliyewafundisha vijana wa kasri la Brunswick, alitoa mchezo wenye ubao wa miraba 1,617, akaipaka rangi: nyekundu kwa milima, kijani kwa vinamasi, buluu kwa maji. Vipande vyake bado vilinuka sataranji, lakini kwa mara ya kwanza mahali paliamua nani apite na nani akwame. Kasoro ilikuwa miraba yenyewe. Mto uliochorwa kwa miraba hukata kona za pembe mraba, na hakuna mto wa namna hiyo duniani.

Aliyeivunja miraba ni Baron von Reisswitz wa Prussia. Alianzia kwenye meza ya mchanga, na sifa zake zilipomfikia Mfalme Friedrich Wilhelm III, aliona mchanga haumfai mfalme. Mwaka 1812 akampelekea kabati zima la mbao: juu uso wa meza, chini droo zenye vipande vya askari na rula, pamoja na vigae vingi vidogo vyenye mabonde, barabara na mito, ambavyo mchezaji aliweza kuvipanga na kuvipangua kupata nchi mpya kila mara. Hapo kikosi hakikuruka tena kutoka mraba hadi mraba. Kilisogea umbali uliopimwa kwa rula, kwa skeli moja na ardhi. Kwa hiyo rula, ambayo leo tunaiona ni kifaa cha kawaida cha mchezaji, ilipata kazi kwa sababu ardhi ilikuwa imeacha kuwa hesabu ya miraba.

Mpinzani wa hoja hii ana karata nzuri hapa. Mwana wa Reisswitz, ofisa wa mizinga, aliviweka kando vigae vya baba yake, na mwaka 1824 akautoa mchezo unaochezwa juu ya ramani ya skeli ya 1:8000. Ni mchezo huo, si kabati la mfalme, uliomsisimua Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, hata akaupendekeza kwa vikosi vya Prussia. Kama jeshi makini lilichagua karatasi, je, vigae vya vilima havikuwa vitu vya kuchezea tu? Sehemu ya jibu ni kukubali. Juu ya meza yenye vilima kila mchezaji anaona kila kitu, ilhali kamanda wa kweli haoni kilicho nyuma ya mwinuko. Ramani pamoja na mwamuzi anayeficha taarifa vilitibu ugonjwa huo. Lakini ramani ile haikuwa kuikimbia ardhi. Ilibeba miteremko kwa vistari vilivyokolezwa kadiri mlima ulivyo mkali, mbinu aliyoipanga Msaksonia Johann Georg Lehmann mwishoni mwa karne ya 18, na ofisa aliyeshindwa kuvisoma vistari hivyo alishindwa mchezo. Ardhi ilizidi kuwa na uzito kwenye karatasi. Kilichopungua ni unene wake.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote hautoki mchezoni bali kwa jirani yake wa karibu, Luteni William Siborne wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 aliagizwa kutengeneza mfano wa uwanja wa vita vya Waterloo vya 1815. Alikaa miezi 8 kwenye shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja, akipima kila mwinuko, kisha akawaandikia maofisa waliokuwa hai kuwauliza walisimama wapi, mbele yao kulikuwa na mazao gani, na adui alikuwa wapi mnamo saa 1 jioni. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa ardhi ya 1815 ilikuwa imekwishaharibiwa: ule mlima wa kumbukumbu wenye sanamu ya simba, zaidi ya mita 40 kwenda juu, ulikamilika mwaka 1826 kwa udongo uliochotwa kwenye mwinuko ule ule walikosimama askari wa Wellington, jemadari wa Waingereza. Serikali ilipofunga mkoba, Siborne aliendelea kwa fedha zake na za kukopa. Mfano ulioneshwa London mwaka 1838, ukiwa na askari wa bati zaidi ya 70,000, na umemfikia mtazamaji wa leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Jeshi, Chelsea.

Wellington hakuufurahia. Waprusia, washirika wake, walionekana wengi mno, na mapema mno, ubavuni mwa Wafaransa, na baadaye Siborne aliwaondoa maelfu kati yao. Utaniambia kwamba basi ugomvi ulikuwa wa askari, si wa vilima. Lakini mbona michoro ya rangi ya Waterloo, iliyojaa uongo wa kila aina, haikuzua ugomvi wa namna ile? Mchoraji hupoteza jeshi zima ndani ya moshi na hakuna wa kumdai. Juu ya ardhi iliyopimwa, kila askari wa bati ni dai lenye saa na mahali: alikuwa hapa, angeweza kuona pale, angefika kule baada ya muda fulani. Usahihi wa mabonde ndio uliofanya idadi ya Waprusia kuwa jambo la kupingwa.

H. G. Wells alikwenda njia nyingine kabisa. Katika Little Wars, kitabu chake cha 1913, anacheza sakafuni kwa nyumba za vipande vya mbao na miti ya vijiti vilivyokatwa bustanini. Ni vitu vya kitoto, lakini kwake mzinga wa springi ulirusha kipande halisi cha mbao kilichowaangusha askari, kwa hiyo ukuta ulipaswa kuwa ukuta kweli: uzuie risasi usianguke. Kifaa cha kuchezea ndicho kilichoamua nyumba ijengwe kwa nini. Vizazi vya baadaye vilipoachana na mzinga na kushika dadu na majedwali, nyumba haikulazimika tena kuzuia chochote. Ingeweza kuwa kadibodi, kisha povu la plastiki linalokatwa kwa waya wa moto, na majani ya unga wa mbao uliotiwa rangi. Urembo ulianza hapo, na lawama ya kwamba ardhi ni pambo ilipata mashiko.

Lawama hiyo ina toleo kali zaidi: ardhi ya mezani ni uongo wa hesabu. Kinyago cha milimita 28 kina skeli ya karibu 1:60. Kwa skeli hiyo mita 100 za kulenga kwa bunduki ya zamani ni zaidi ya mita 1.6, yaani karibu meza nzima, na mstari wa kilomita 4 wa Waterloo ungehitaji ukumbi wa mita 65 na ushei. Mtengenezaji hana budi kuibana ardhi kuliko anavyowabana watu, na nyumba 1 isimame badala ya kijiji. Hesabu siikatai. Ila kubana ni kuchagua, na anayechagua ana maoni. Mashamba ya Hougoumont na La Haye Sainte hayakosi kwenye meza ya Waterloo, kila tofali limechongwa. Plancenoit, kijiji ambako Waprusia na Wafaransa walinyang'anyana nyumba kwa nyumba jioni ile, kiko pembeni, nyuma ya ubavu wa kulia wa Wafaransa, na meza ikibanwa ndicho cha kwanza kudondoka ukingoni. Mtengenezaji aliyekiacha nje kwa kukosa nafasi ameshaamua, kabla ya dadu kurushwa, kwamba Napoleon hakulazimika kupeleka Gadi yake changa kule, na kwamba Wellington alishinda karibu peke yake.