Istilahi ya “Chanzo” na Kitenzi Kinachoifuata

Mkazi wa Morogoro hahitaji kufundishwa maana ya chanzo. Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Neno hilo lilipochukuliwa kutaja maandishi ya programu kama alivyoyaandika mtungaji wake, lilifaa. Hata hivyo, maji ya chemchemi ni maji tayari, ilhali maandishi ya programu bado si kitu ambacho mashine yaweza kukitumia. Badiliko hilo sharti libebwe na kitenzi, na hapo ndipo wafasiri wetu hutatizika.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, lenye programu za mtandao za TCP/IP pamoja na chanzo chake. (Kwetu, serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, istilahi hizi zilitufikia zikiwa zimekwisha kukomaa katika Kiingereza.) Mwenye kuzitumia programu za namna hiyo hulinganisha chanzo na mashine yake, hukigeuza kuwa lugha ya mashine, kisha huweka kilichopatikana mahali pake.

Hatua ya pili wengine huiita “kukusanya”, wakifuata Kiingereza. Mwaka 1952 jina hilo lilikuwa na haki yake, kwani mfumo A-0 wa Grace Hopper ulikusanya kweli vipande vya programu vilivyohifadhiwa katika kanda. Lakini Fortran ya IBM, mwaka 1957, ilifasiri maandishi mazima. Kazi ilibadilika, jina likabaki. Mwanafunzi akiambiwa “kusanya chanzo” ataweka mafaili yake pamoja katika jalada moja, adhani amemaliza. Na mtandao hautafanya kazi.

Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakikuitumia vizuri hapa. Mfasiri hushughulikia maandishi yote kabla ya kuyakabidhi; mkalimani hufuata sentensi kwa sentensi, msemaji akiendelea. Programu za aina zote mbili zipo, na tofauti yake ndiyo hiyo hiyo. Basi hatua ya pili na iitwe kufasiri chanzo.

Ama hatua ya mwisho, “kusakinisha” limekwisha kuenea. Linatokana na sakini, yaani kukaa mahali, nami sina ugomvi nalo.