Sabuni ya Zeituni na Sabuni ya Nazi: Habari za Twahara Katika Miji ya Waislamu

Usafi ni mlango wa ibada. Sala haisihi bila ya twahara, na Mwislamu akifa jambo la kwanza atendewalo ni kuoshwa. Kwa hiyo habari ya sabuni si jambo dogo katika tarehe ya Waislamu, na watu wa Olumbi wanastahili kuijua kama wanavyojua habari za misikiti na vyuo vyao.

Msafiri Ibn Battuta alipita nchi ya Sham mwaka 1326, akafika Sarmin, mji ulio karibu na Halab. Aliandika kwamba huko hufanywa sabuni ya vipande kama matofali ipelekwayo Misri na Damaski, na nyingine ya manukato ya kuoshea mikono, iliyotiwa rangi nyekundu na ya manjano. Mwaka 1331 msafiri huyo huyo alifika Mombasa na Kilwa. Kwa watu wa Mombasa aliona kwamba hakuna aingiaye msikitini ila ameosha miguu na kuifuta juu ya mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Nchi zilikuwa mbali, lakini twahara ilikuwa moja.

Sabuni ya Halab hufanywa kwa mafuta ya zeituni na mafuta ya mti uitwao kwa Kiarabu ghari. Zamani mafundi walitumia majivu ya mimea ya jangwani. Baadaye wakatumia magadi makali ya viwandani. Mafuta ya zeituni huchemshwa katika sufuria kubwa kwa muda wa siku tatu hivi, na yale ya ghari hutiwa mwishoni. Kisha uji ule humwagwa sakafuni, hukatwa vipande, na kila kipande hupigwa muhuri wa fundi. Vipande hupangwa kama minara vipite upepo miezi sita mpaka tisa, hata rangi ya kijani igeuke ya dhahabu kwa nje.

Mafuta ya mti yana faida nyingine katika dini. Wanavyuoni wa Hanafi wamesema kuwa mafuta yenye najisi yakigeuka sabuni hutwahirika. Lakini madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, hayakubali hayo. Basi mwenye sabuni ya zeituni au ya nazi hana shaka ya shahamu ya nguruwe.

Mwenyezi Mungu aliwapa watu wa Sham mzeituni, akawapa watu wa pwani mnazi. Sabuni ya nazi ina sifa kubwa: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na visima vya pwani vingi vina maji ya chumvichumvi. Lakini katika karne ya 19 mbata na ufuta wa pwani vilipakiwa merikebuni kwenda Marseille, Ufaransa, vikafanywa sabuni huko. Pwani iliuza mafuta, na ufundi ukabaki kwa wengine.

Kazi yenyewe si ngumu. Magadi makali hutiwa katika maji, wala si maji katika magadi, kwani huruka na kuunguza. Yakipoa huchanganywa na mafuta ya nazi kwa kipimo, hukorogwa mpaka yazito, kisha humiminwa katika kalibu ya mbao. Ikiganda hukatwa, ikaachwa wiki nne ikauke. Huko Paje, Unguja, wanawake wakulima wa mwani hufanya sabuni ya nazi na mwani, wakapata riziki.

Vita viliiharibu Halab tangu 2012 hata 2016. Mafundi wengi walihamia Uturuki, wakaanza upya kwa mikono mitupu. Mwezi wa Desemba 2024 UNESCO iliuandika ufundi wa Halab, na ule wa Nablus katika Palestina, kuwa urithi wa wanadamu.

Wilaya ya Palma, ambayo Olumbi imo ndani yake, nayo imeonja uhamisho. Vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017, na shambulio la mji wa Palma Machi 2021, viliwatoa maelfu majumbani mwao. Nyumba huchomwa na mashua hupotea, lakini ufundi huondoka na mwenye nao, hurejea naye. Basi wazazi na wafundishe vijana, wake kwa waume, kazi za mikono pamoja na Kurani. Mwenyezi Mungu awarejeshee watu amani, na awajaalie miongoni mwa waliotwahirika. Amin.